Njoo kabla ya Jumamosi

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto wazima, na Zuhura keshapona, amerudi kazini. Uniwie radhi kwa kimya cha miezi yote hii. Leo naandika mbiombio kwa sababu Mzee Kombo, fundi wetu, anakuja Jumamosi na lile spana lake refu kuifungua baiskeli yangu, na usingizi umenipaa.

Unaikumbuka ile baiskeli kuukuu niliyokwambia nimeipata, iliyopakwa rangi nyekundu mpaka kwenye nati? Haina stika wala beji. Juzi nilichukua wembe nikaanza kukwangua taratibu pale mabomba yanapokutana chini ya usukani. Chini ya nyekundu kuna kijani, chini ya kijani kuna nyeupe. Nikasogea hadi kwenye kiungo chenyewe, kile chenye ncha zilizopindapinda kwa nakshi, na hapo nyeupe ikakoma, ikaanza nyeusi. Hamadi, niliuweka wembe chini nikakaa kimya. Fremu nyeupe yenye viungo vyeusi vya Nervex, vile vya nakshi! Mimi nasema ni Peugeot PX-10, baiskeli ya mashindano ya Kifaransa.

Sikutaka kujidanganya, kwa hiyo nilichomoa bomba la kiti nikalipima: milimita 26.4 kamili. Ndicho kipimo cha fremu za Kifaransa za chuma cha Reynolds 531. Fremu za bei ya chini huchukua bomba jembamba zaidi. Breki ni Mafac, krenki, yaani mikono ya pedali, ni Stronglight 93, gia ni Simplex. Vipuri hivyo lakini hata kiwanda cha Gitane walivifunga, na vipuri huhama kutoka baiskeli moja hadi nyingine, ndiyo maana naiamini fremu kwanza. Peugeot, Hamadi! Jina lile lile alilolivaa Mfaransa Thévenet kifuani mwaka 1975, alipomshinda bingwa Merckx kwenye mashindano ya baiskeli ya Tour de France.

Sasa wasiwasi wangu. Wafaransa walikuwa na vipimo vyao, na balaa ni kwamba vinakaribiana mno na vya wengine. Kitu kinaingia kidogo, unadhani kimekubali, unakaza, umeharibu. Aliyekuwa nayo kabla yangu alilazimisha pedali ya kawaida kwenye krenki ya kushoto. Pedali ya Kifaransa ni milimita 14, ile ya kawaida ni 14.28. Hesi, ile mikato ya kukazia skrubu, zimetafunwa, na vumbi la alumini bado limenasa kwenye grisi. Pedali ya kulia imesalimika, ina herufi D kwenye ekseli yake, yaani kulia kwa Kifaransa. Ya kushoto ingekuwa na G.

Lakini linaloniumiza kichwa ni kikombe cha gololi cha upande wa kulia, pale chini penye krenki. Mzee Kombo amefungua mamia ya baiskeli, na zote hizo kikombe cha kulia hufunguka kwa kufuata mshale wa saa. Mkono wake umeshazoea. Hesi za Kifaransa ni 35 kwa 1, yaani kipenyo cha milimita 35 na milimita 1 kutoka hesi hadi hesi, na vikombe vyote viwili hufunguka kinyume cha mshale wa saa. Akikining'inia kile kikombe kwa spana lake, atakuwa anakikaza huku akiamini anakilegeza, na nguvu za mzee yule unazijua. Nimesafisha uso wa kikombe kwa mswaki na mafuta ya taa, ikatokea 35 x 1. Ila namba hiyo haimalizi ubishi, kwa sababu wako waliotumia hesi za Kiswisi, kipimo hicho hicho, lakini kikombe cha kulia kikageuzwa kifunguke kwa kufuata mshale wa saa. Kiwanda cha Motobécane walifanya hivyo kwa baadhi ya baiskeli zao. Kama hii ni Peugeot kweli, basi yaelekea hesi zake ni za Kifaransa. Unaona kwa nini ule ukwanguaji si mchezo?

Mimi siwezi kumwambia Mzee Kombo "shikamoo" halafu hapo hapo nimfundishe kazi. Wewe anakusikiliza tangu mlipotengeneza ile pikipiki ya Idi. Ningependa kikombe kilowe mafuta siku mbili, kisha tukibane kwenye jiliwa na kuizungusha fremu yenyewe, polepole.

Na kabla ya kikombe kuna krenki. Pula ya kawaida, kile chombo cha kuvutia krenki itoke, ni milimita 22. Stronglight inataka 23.35. Idi kaniletea ya kawaida, akasema "inaingia." Kuingia inaingia, inacheza! Nimemrudishia na shukrani.

Kibadili gia cha nyuma kina ufa kwenye plastiki, pale boliti inapopita. Hiyo ndiyo kawaida ya Simplex ya zama hizo, tutalizungumza tukionana.

Ile pula yako ya Stronglight bado unayo, au uliiazima mtu? Unaweza kufika Ijumaa jioni, tukatoa krenki kabla mzee hajafika? Krenki ya kushoto unaonaje: tuikate hesi mpya za pedali ya kawaida kwa tepu, kile kikatio cha hesi, au nisubiri nipate nyingine? Na rangi je? Nikwangue yote hadi ile nyeupe, hata kama imebaki vipande vipande, au nipake upya? Mimi moyo unataka vile vipande. Nijibu leo, hata kwa neno moja.

Ndugu yako,
Salimu