Wasokotaji hawakuwa wajinga

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia. Taarifa yenu juu ya mashine zilizogeuza kazi ya nguo imenishinda kuinyamazia.

Mwandishi wenu anawasifu wavumbuzi, kisha waliosokota kwa mkono anawaita watu wa kubahatisha. Mtambo wa kusokota wa Mwingereza Richard Arkwright, wa 1769, ulivuta pamba kwa rola, jinsi vidole vya msokotaji vinavyoivuta. Viliigwa vidole hivyo! Na John Kay alipompa mfumaji kasi mwaka 1733, kwa kifaa cha kupitisha uzi upesi, nyuzi ndizo zilizopungua. Wanawake waliosokota majumbani walikesha na bado hazikutosha, hadi mvumbuzi James Hargreaves akaja na mashine ya kusokota nyuzi 8 kwa mpigo.

Mimi nasokota. Siku moja nilialikwa kwenye maonyesho, nimekaa na pamba yangu, mwongozaji akawaambia watoto wa shule kwamba hivi ndivyo watu walivyoishi kabla ya kupata akili. Watoto wakacheka. Nilimeza, uzi ukanikatikia mkononi. Sasa nakuta maneno yaleyale gazetini, tena mmewaongeza Waluddite, wale wavunja mashine wa Uingereza, eti waliogopa maendeleo. Wale walikuwa mafundi! Mwaka 1811, huko Nottingham, walivunja mashine za matajiri waliopunguza ujira na kutoa soksi hafifu zilizofumuka upesi. Mashine nyingine hawakuzigusa. Mwaka uliofuata bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunja mashine. Hilo hamkuliandika. Wala hamkuandika pamba ya viwanda vile ilichumwa na nani: mashine ya kuchambua pamba ilikuja 1793, mashamba ya pamba yakapanuka, na watumwa wa Marekani, waliokuwa kama 700,000 mwaka 1790, wakakaribia milioni 4 ilipofika 1860. Ukurasa mzima wa magurudumu, na mtu hata mmoja hamna!

Halafu lugha. Mmeandika "kufuma" pale mnapozungumzia kusokota, na "kushona" pale mnapozungumzia kufuma. Mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, hamkuvitaja kabisa, wakati bila viwili hivyo hakuna kitambaa. Mtoto atajifunzia wapi maneno haya kama gazeti limeyatupa?

Naomba mwandishi huyo apewe pamba konzi moja, asokote uzi wa pima kumi usiokatika, ndipo aandike tena. Pamba nitaitoa mimi, na nitakaa naye mpaka amalize.

Msokotaji