Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama, waongozaji wa wageni wa Mji Mkongwe, Zanzibar, assalaam alaykum.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena. Wenzetu watatu wamefiwa mwaka huu, na chama kilifika katika misiba yote mitatu. Tuwaombee marehemu.

Kamati imekutana mara 9. Tumefanya usafi wa Forodhani mara mbili, tumewapokea wageni wa meli kwa zamu, tumewasaidia wanachama kuhuisha vitambulisho, na siku za tamasha la Sauti za Busara mwezi wa Februari kila aliyetaka kazi aliipata. Fulana zilichelewa lakini zimefika. Haya mnayajua, wengi mlikuwemo, sitayarefusha.

Najua lililowaleta wengi leo ni jaribio la njiani. Tarehe 6 Aprili kamati iliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Julai hapangiwi mtu zamu mpaka awe amefaulu jaribio hilo. Mwanachama anawatembeza wenzake watatu kwa muda wa saa moja, kutoka Ngome Kongwe mpaka Mkunazini, kama vile ni wageni walioshuka jana uwanja wa ndege, na hao watatu wanamjazia karatasi ya alama. Nimepokea barua ya malalamiko yenye saini 14. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Inasema nimewadhalilisha wakongwe wa kazi, chama hakina mamlaka ya kumpima mtu mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na uamuzi ulipitishwa ndani ya Ramadhani makusudi ili watu wasifike. Nitayajibu, lakini kwanza nieleze tulikotoka.

Mwezi wa Januari nilikuwa Forodhani nikisubiri wageni wangu. Mwenzetu mmoja, simtaji, alisimama na wageni sita mbele ya Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, akawaonesha vyuma na mabati ya ujenzi, akawaambia jumba hilo lilivunjwa na mizinga ya Waingereza katika vita vifupi kuliko vyote duniani. Mama mmoja katika wale wageni akatoa simu yake, akapekua, akamwonesha picha. Yeye na mumewe wamesimama mbele ya jumba hilo hilo, nguzo zote zipo na mnara wa saa upo. Hakusema neno. Mwenzetu aliendelea na matembezi, nami niliwafuata kwa nyuma mpaka Shangani, na njia nzima hakuulizwa swali hata moja. Wageni walikuwa wanamtazama tu.

Beit el Ajaib lilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883. Mizinga ilipigwa tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, ikanyamaza kabla saa moja haijatimia, na jumba lililoteketea ni Beit el Hukum lililokuwa ubavuni. Beit el Ajaib lilibaki limesimama. Lilikuja kuanguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, likiwa katika matengenezo, na watu walifukiwa wakafa. Baadhi yenu mlikuwa karibu siku ile na vumbi mliliona. Sasa mtu akisimama pale akamtwisha Muingereza wa mwaka 1896 lawama ya anguko lile, amewafuta watu waliokufa juzi mbele ya macho yetu. Jambo hili liliniuma, na ndiyo asili ya mafunzo ya mwaka huu. Wazo nililileta mimi, nalisema wazi, kwa hiyo lawama zake nazibeba mimi.

Mafunzo yalifanyika Jumamosi sita, kuanzia tarehe 20 Aprili mpaka 25 Mei. Tulichagua masika kwa sababu wageni ni wachache na hakuna anayepoteza riziki. Maalim mstaafu wa historia alitusomesha siku tatu, muuguzi siku moja ya huduma ya kwanza, na siku mbili tulisomeshana wenyewe kwa wenyewe njiani.

Maalim alituanzia na Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa pale pale chini ya Askofu Edward Steere. Wageni tunawapeleka hapo kila siku tukakimbilia hadithi ya nguzo zilizosimamishwa juu chini, wakacheka, tukaendelea. Nani kati yetu alikuwa anamwambia mgeni kwamba Steere huyo huyo aliandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili? Na vile vyumba vya chini, Maalim alitukumbusha kwamba wapo watafiti wanaohoji kama kweli viliwahi kuwekwa watumwa, maana jengo la juu ni la wamisionari, la baada ya soko kufungwa. Hatukuambiwa tuache kuvionesha. Tulifundishwa kusema lipi linajulikana na lipi linasimuliwa. Mgeni akiambiwa "hapa wataalamu hawajakubaliana", anakuamini zaidi utakapomwambia jengine. Na milango vile vile. Mlango wa kizingiti kilichonyooka na mlango wa upinde si wa asili moja, na njumu za shaba, ile misumari mikubwa ya mlangoni, hapa kwetu ni pambo. Za kuzuia tembo ni habari za Bara Hindi.

Lakini zaidi ya historia, tulijifunza kusimama. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kichochoro cha Hurumzi asubuhi kinapita vespa, kinapita mkokoteni wa magunia, anapita mama na mtoto mgongoni. Muongozaji akisimama katikati na wageni kumi, amefunga mtaa wa watu. Tulifundishana kuwapanga wageni ubavuni mwa barza, wao wawe kivulini na wewe jua likupige usoni, usianze kusema mpaka wa mwisho amefika, na kabla hujaingia Darajani uhesabu vichwa na ukitoka uhesabu tena. Usiwasimamishe mlangoni pa msikiti watu wanapotoka kusali. Mama wa buibui hapigwi picha mpaka aombwe, na anayemuomba ni wewe kwa Kiswahili, mgeni asubiri. Aliyekuja mabega wazi, mwambie hotelini kabla hamjatoka, usimwambie mbele za watu.

Sasa malalamiko. Wakongwe hawakudhalilishwa. Mzee wetu mmoja wa Malindi, kila mtu hapa amepita mikononi mwake nikiwemo mimi, alikuja kujaribiwa tarehe 8 Juni. Alitupeleka Hamamni, kwenye mabafu ya zamani. Alivyoeleza maji yalivyokuwa yakiingia na moshi ulivyokuwa ukipita chini ya sakafu, mimi nilisahau kwamba nina kalamu mkononi. Ila kabla ya kufika huko alituweka juani pale Ngome Kongwe dakika ishirini na tano nzima, na mmoja katika sisi watatu akaomba kukaa kitako. Alama hazikutosha. Nilimpa matokeo mwenyewe, nyumbani kwake, kwa heshima zote. Wiki mbili baadaye alirudi, akatusimamisha chini ya mti, akafaulu kwa alama 91, na hakuna aliyemfikia mpaka leo. Saini yake haimo katika ile barua. Saini nyingi zilizomo ni za watu ambao hawajawahi hata kujaribu.

Kuhusu kitambulisho, hakuna aliyekidharau. Kitambulisho kinakupa haki ya kufanya kazi Zanzibar, na mwanachama ambaye hajafanya jaribio anaendelea kufanya kazi zake binafsi bila ya kuguswa. Zamu ni mali ya chama. Hoteli zinapotupigia simu zinaomba mtu wa chama, na akiharibu linaharibika jina letu sote, kisha tunalalamika kwamba mapapasi, wanaowazonga wageni bila ya kitambulisho, wanatuchukulia wageni. Sisi tukisema uongo ule ule anaousema papasi, mgeni atatutofautisha naye kwa kipi? Kwa fulana?

Na kuhusu Ramadhani, kikao kilitangazwa siku kumi kabla, kikafanyika baada ya tarawehe, na wajumbe 7 kati ya 9 walihudhuria. Yamesemwa pia kwamba mwenyekiti anapima wenzake wakati mwenyewe hakupimwa. Nilipimwa wa kwanza, tarehe 1 Juni, na vijana watatu ambao sikuwachagua mimi. Nilipata 78. Karatasi ipo kwa katibu, anayetaka akaione.

Waliofanya jaribio ni wanachama 38. Waliofaulu mara ya kwanza ni 29, walioambiwa warudie ni 9, na katika hao 6 wameshafaulu. Wanachama 24 hawajafanya kabisa.

Hapa niseme linalonisikitisha kuliko barua. Chama kina wanachama 62. Jumamosi ya kwanza ya mafunzo walifika 41. Mvua ikanyesha, Jumamosi ya tatu wakafika 17, na ya mwisho 23. Maalim, mtu mzima aliyepindukia miaka sabini, alitoka mtaani Ng'ambo na mwavuli wake, suruali imelowa mpaka magotini, akawakuta watu 17. Akasomesha saa mbili kamili kama vile tumejaa ukumbi. Nilimuomba radhi kwa niaba yenu. Siku hiyo hiyo jioni nilipita barzani Soko Muhogo nikawakuta wanachama wanane wanacheza bao. Nimeuliza mara nyingi tatizo ni nini, saa au mahali au mimi, na jibu sijapata. Kama ni mimi, leo ndiyo pahala pa kusema.

Fedha. Tulianza mwaka na shilingi 412,000. Ada ni 5,000 kwa mwezi, kwa hiyo tulitarajia 3,720,000. Iliyoingia ni 1,585,000, deni 2,135,000. Matumizi ni 1,635,000, yakiwemo mafunzo 1,140,000, misiba 300,000, ofisi na usafiri 195,000. Salio ni 362,000. Mhazini ana risiti zote. Katika mafunzo, chai na maandazi ya Jumamosi nne za mwisho nilitoa mimi mfukoni mwangu na sikudai chama, nalitaja kwa sababu limesemwa kinyume chake. Katika waliotia saini ile barua, wanne tu ndio waliomaliza ada ya mwaka. Ada ni shilingi 5,000, na bakhshishi ya mgeni mmoja aliyeridhika huwa inazidi hapo. Kaka zangu na dada zangu, tulipeni.

Kwa mwaka ujao, inshaallah, tunatarajia kuendelea na mafunzo, ikiwezekana tuongeze lugha, kwani wageni wa Kipolandi wamekuwa wengi na wanaowasemesha kwa lugha yao tunawahesabu kwa vidole. Tunatarajia pia siku moja tuwe na ofisi yetu wenyewe. Vijana wameomba safari ya mafunzo ya msitu wa Jozani, nami ningependa tuongeze Kizimkazi, tukausome msikiti wa Dimbani ambao maandishi yake ni ya mwaka 1107. Itategemea mfuko. Jaribio la njiani kamati inapendekeza liendelee, na waliobaki 24 wamewekewa Jumamosi zote za mwezi ujao. Mimi mwenyewe nitakuwepo Ngome Kongwe saa mbili asubuhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti