Mkinunua nyumba ya zamani Sweden anzeni na dari

Mhariri, salamu. Naandika toka Värmland, Sweden, mimi na mke wangu tumenunua nyumba ya mbao ya zamani huku kijijini tunaikarabati wenyewe, sasa nawaomba ndugu zangu mnaovutiwa na hizi nyumba za bei poa, kabla ya rangi na jiko jipya anzeni na dari! Joto linapanda juu linatorokea huko. Kwetu juu ya dari kulikuwa na maranda ya mbao tu ya kuzuia joto lisitoke, yameshuka yameacha mapengo, tukajazia.

Mabomba nayo. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, bomba linapasuka na hujui mpaka barafu iyeyuke ndo unakuta sakafu imejaa maji, kwa hiyo upande msioutumia fungeni maji na myamwage yote.

Kuni ukikata Oktoba ujue hizo ni za mwakani, mbichi zinatoa moshi na masizi, na masizi yakishika moto kwenye dohani (bomba la moshi) nyumba ya mbao inaondoka yote. Muiteni fundi wa dohani kabla hamjawasha, na king'ora cha kaboni monoksaidi msikose jamani, hiyo gesi ya sumu inayotoka kwenye moto haina harufu na watoto wamelala.

Msomaji wenu,
Värmland