Mheshimiwa Waziri, naomba nilipwe posho yangu ya uhamisho

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora.

Mheshimiwa,

Wiki ya Utumishi wa Umma imehitimishwa Juni 23, nami nakuandikia hadharani kwa kuwa milango mingine yote nimeshabisha. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kijijini. Nilihamishwa kwa barua ya mwajiri, si kwa maombi yangu. Mtumishi akihamishwa hivyo anastahili posho ya kujikimu, posho ya usumbufu, nauli ya familia na gharama za mizigo. Mimi nilipewa barua tu. Lori nililikodi kwa mkopo, na hadi leo mkopo huo unakatwa kwenye mshahara wangu.

Wiki hiyo halmashauri yetu ilitenga siku ya kusikiliza kero za watumishi. Nikaenda na nakala ya barua ya uhamisho na risiti ya lori, imefifia hata tarehe inasomeka kwa shida. Tukapangwa foleni chini ya turubai. Afisa, amevaa fulana mpya ya maadhimisho, akaandika jina langu kwenye daftari, akaniambia, "Mama, mwaka wa fedha unaisha, subiri bajeti mpya." Mwaka jana, wiki kama hii, niliambiwa hivyo hivyo.

Mawaziri wa utumishi wa Afrika walipokutana Tangier, Morocco, mwaka 1994, waliianzisha Siku ya Utumishi wa Umma Afrika, hiyo Juni 23 inayohitimisha wiki hii, ili mtumishi athaminiwe na huduma kwa wananchi iboreke. Kupanda miti na kuchangia damu katika wiki hii sikatai, na waliotoa damu kwetu niliwahudumia mimi. Lakini fulana na turubai vimelipiwa katika mwaka huo huo wa fedha unaoisha! Nahisi kinachotuponza ni wiki yenyewe kuangukia mwishoni mwa Juni: dai linakuta mafungu yamefungwa, Julai linahesabiwa jipya.

Mheshimiwa, usiku nazalisha akina mama kwa mwanga wa simu. Sijawahi kumwambia mjamzito asubiri bajeti.

Waagize wakurugenzi wajibu kwa maandishi kila dai lililoandikwa kwenye madaftari ya wiki hii: litalipwa lini, na kama halilipwi, kwa nini. Wajibu kwa barua yenye tarehe na mhuri. Na langu lilipwe. Naomba nilipwe, Mheshimiwa, ni haki yangu.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa zahanati