Wanafunzi wetu Wachina: mazoezi ya ufahamu wiki hii

Walimu wenzangu, habari za jioni. Tunaendelea na sehemu ya kusoma ya CET-4, mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya China: dakika 40, maswali 30, asilimia 35 ya alama zote. Tafadhali msiwaache wagawe muda sawasawa. Maswali 10 ya kujaza nafasi yana asilimia 5 tu, dakika 6 au 7 zinatosha. Vifungu viwili vya mwisho vina asilimia 20, hapo watulie.

Wengi huangushwa na sentensi ndefu hata wanapojua maneno yote. Kichina hutanguliza maelezo, kisha nomino. Kiingereza huweka mengi baada ya nomino, hivyo mwanafunzi akifika katikati kiima kimeshampotea. Kwa hiyo kabla ya kujibu apigie mstari kitenzi kikuu, azungushie kiima chake, vishazi avitie kwenye mabano. Sentensi 3 kwa kila kifungu, tena zile ngumu hasa. Nyakati nazo zisisahaulike, maana vitenzi vya Kichina havibadiliki umbo.

Kamusi ya simu ifungwe mpaka amalize usomaji wa kwanza. Kila jibu aonyeshe mstari alikolitoa.

Sentensi zilizowashinda zitumeni hapa kabla ya Jumapili saa 2 usiku.