Dawa ya minyoo umempa, mbona bado anajikuna?

Juzi aliingia mama mmoja dukani kwetu hapa Kisauni, akafungua pindo la leso na kuniwekea mezani paketi tupu ya albendazoli. "Kaka, hii dawa yenu haifanyi kazi. Mwezi uliopita nimempa mwanangu, na bado usiku halali kwa kujikuna."

Nilimuuliza mambo mawili: anajikuna wapi, na analala na nani? Akasema mtoto huwashwa sehemu ya haja kubwa, usiku zaidi, na hulala kitanda kimoja na nduguze wawili. Basi dawa haikuwa na kosa.

Vile vijinyoo vyeupe kama vipande vya uzi vina tabia yao. Jike hutoka usiku, mtoto akiwa amelala, akataga mayai pembeni mwa tundu la haja kubwa. Mtoto akijikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, yanabaki kwenye shuka, kisha yanarudi mdomoni mwake au mwa nduguye. Kidonge huua minyoo, ila mayai mengi huyaacha. Ndiyo maana dozi hurudiwa baada ya wiki mbili, na nyumba nzima inameza siku moja. Siku hiyo hiyo shuka na chupi zifuliwe kwa maji ya moto, kucha zikatwe, na mtoto aoshwe kila asubuhi akiamka. Yule mama aliondoka na dozi za watu wote wa nyumbani, na juu ya kila paketi nilimwandikia kwa kalamu tarehe ya kurudia. Sasa hivi ndivyo tunavyomfanyia kila mteja, na ukipenda tutakutumia ujumbe siku ikifika.

Kwa mchango, yaani ile minyoo mirefu ya tumboni, na safura, minyoo inayofyonza damu, mara nyingi dozi moja ya miligramu 400 inatosha kwa mtu mzima na mtoto aliyetimiza miaka miwili. Wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu yake. Aliye chini ya mwaka, mpeleke kliniki kwanza. Mtoto mdogo usimlazimishe kumeza kidonge kizima, atapaliwa. Kisage, ukichanganye na maji, au chukua ya maji.

Wengi huuliza kama lazima wanywe haluli, dawa ya kuharisha. La. Dawa hii inaunyima mnyoo sukari inayoupa nguvu, ukafa taratibu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo usipoona kitu chooni usidhani umetupa pesa, wala usimwongezee mtoto dozi.

Safura ndiyo inayonitia uchungu zaidi, kwa sababu haina kelele. Mnyoo wake huingilia kwenye ngozi ya nyayo mtu akitembea peku penye udongo uliochafuliwa na kinyesi, kisha unakaa kwenye utumbo ukifyonza damu. Mtoto anakuwa mchovu, darasani anasinzia, na ukimfunua kope la chini unaona ndani peupe. Huyo dawa ya minyoo peke yake haimtoshi. Apimwe damu.

Tena si kila mnyoo unakufa kwa kidonge hiki. Watoto wakirudi kutoka likizo Kwale au Tana River walikoogelea mabwawani, kisha mmoja akaanza kukojoa damu, usije kwetu kununua albendazoli. Hicho huenda ni kichocho, na dawa yake ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa. Nenda hospitali ukapimwe mkojo. Tegu nayo ina matibabu yake.

Mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo asimeze, na anayedhani huenda ana mimba atuambie kabla hatujafungua droo. Mwenye kifafa aonane na daktari kwanza.

Jambo moja watu hulisahau: kidonge hakiweki kinga. Kinaua iliyomo leo, na kesho mtoto akila embe bichi kwa mikono michafu anaanza upya. Masika, maji ya vyoo vya shimo yanapoingia visimani, ndipo tunapouza zaidi. Chemsha maji ya kunywa, na mtoto wa kuanzia mwaka mmoja mpeleke kliniki apewe dawa kila miezi sita.

Ukija, njoo na paketi ya dawa uliyotumia mara ya mwisho, na utwambie umri wa kila mtoto nyumbani. Mizani ipo hapa mlangoni.