Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kila Kazi na Mwenyewe

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha na uandikishaji yamo katika taarifa za mweka hazina na katibu, sitayarudia. Nataka kuzungumzia namna tulivyofanya kazi, kwani wengi wenu mnasimamia watu, na yaliyoifaa kamati huenda yakawafaa nanyi.

Badiliko kubwa lilianzia kwenye muhtasari wa vikao. Awali, chini ya ajenda iliandikwa "kamati ishughulikie". Kikao kilichofuata, tukifika kwenye yatokanayo, kila mjumbe anamtazama mwenzake. Sasa katibu hafungi ajenda kabla ya kuandika jina la mtu mmoja, tarehe, na kitu kitakachoonekana kazi ikiisha. Haandiki "kuboresha mafunzo". Anaandika "ratiba ya mafunzo imewafikia wanachama wote". Aliyetajwa ana ruhusa ya kuchagua wasaidizi, lakini wa kuulizwa ni yeye.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Sababu moja ni kwamba hawavuti kwa mpigo mmoja. Nyingine, iliyothibitishwa na watafiti wa baadaye, ni kwamba mtu hulegea pale mchango wake usipotambulika. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu mvivu, hakikisha kazi inajulikana kuwa ni yake.

La pili lilikuwa gumu zaidi: kupunguza kazi zilizofunguliwa kwa pamoja. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo kila msimamizi anafaa kuijua. Kikundi kinachomaliza kazi 4 kwa mwezi, kikiwa na kazi 20 mkononi, kila kazi itakaa wastani wa miezi 5. Zikiwa 8, ni miezi 2. Hakuna aliyeongeza kasi wala kukesha! Ndiyo maana baadhi yenu mliambiwa "subirini" mlipoleta mapendekezo, tena mazuri. Najua iliwaudhi. Hata hivyo nafasi ya kila pendekezo kwenye foleni ilitangazwa, na naona hilo ni heshima zaidi kuliko kukubali kila kitu kisha kukiacha nusu.

Kuhusu kukabidhi kazi, nitasema kwa ufupi: ukitoa kazi, toa na madaraka yake. Kamati ndogo zilizoruhusiwa kutumia bajeti iliyokwishaidhinishwa bila kuturudia kwa kila hatua ndizo zilizokwenda mbio.

Bado tuna udhaifu wa kuwasikiliza wanaojitolea kabla hawajachoka. Napendekeza kila msimamizi wa kazi azungumze nao mmoja mmoja mara kwa mara, awaulize kinachowakwamisha, na akiondoe kilicho ndani ya uwezo wake.

Kwa mkutano huu, atakayeleta hoja mpya aje na jina la atakayeisimamia.